Bati la ukingo lenye umbo la L: dawa ya maji yanayopita nyuma ya gata

Maji yakipita nyuma ya gata, wengi hukimbilia silikoni. Haisaidii, kwa sababu hakuna tundu la kuziba. Paa likiwa na mteremko mdogo, tone hufika kwenye ncha ya bati, halidondoki. Hung'ang'ania upande wa chini, hurudi nyuma sentimita moja au mbili, kisha huteremka kwenye fashabodi, yaani ubao wa ukingo wa paa unaofungiwa gata. Michirizi myeusi na rangi inayobanduka sehemu ya juu ya ubao ndizo dalili zake.

Bati la ukingo la aluminiamu linatibu hilo hasa, na linatibu vizuri. Ubawa mmoja huingia chini ya bati la paa, wa pili hushuka hadi ndani ya gata. Kabla ya kununua, tazama ncha ya chini: iwe imekunjwa kidogo kuelekea mbele. Kikunjo hicho ndicho kinacholilazimisha tone liachie. Lenye ncha iliyonyooka tupu tusingelipendekeza. Ubawa wa kushuka usipungue sentimita 5, la sivyo hautafika ndani ya gata.

Vipande huwa vya mita 3. Ukingo wa mita 12 unahitaji vitano, si vinne, maana kila kiungo hula sentimita 5 za kupandiana. Anza upande wa bomba la kushushia maji, ili kila kipande kinachofuata kilale juu ya kilichotangulia. Ukianzia upande wa juu, maji yataingia kwenye kila kiungo. Pigilia ubawa wa juu pekee, kila baada ya sentimita 30, mahali ambapo bati la paa litafunika vichwa vya misumari. Usipigilie kwenye kiungo: kipande cha mita 3 hurefuka takriban milimita 3 joto likipanda nyuzi 40, na kikibanwa pande zote hufanya mawimbi.

Udhaifu wake ni ulaini. Ngazi ikiegemezwa juu yake, hubonyea, na pale palipobonyea maji hurudi nyuma tena. Pia lisigusane na shaba, wala na mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, aluminiamu italiwa. Tumia misumari ya aluminiamu au ya chuma kisichoshika kutu.

Lisitarajiwe kuokoa gata iliyofungwa vibaya. Gata isiyoteremka walau sentimita 1 kwa kila mita 3 itatuama na kufurika, bati liwepo lisiwepo. Na kama paa lina mteremko mkali, maji yakaruka juu ya gata, hapo tatizo ni tofauti kabisa: panahitajika gata pana zaidi.

Ukimaliza, mwaga maji kwa mpira kutoka juu ya paa, taratibu kwanza. Maji machache ndiyo yanayonata zaidi, kwa hiyo jaribio la kasi peke yake huficha kasoro. Pitisha kidole nyuma ya gata: pawe pakavu.