TP-Link WR840N: laini moja, kompyuta tano, nyumba ya mawe Mabatini

Niseme ukweli hii rauta nilinunua shingo upande, nilikuwa nataka ile kubwa ya antena nne ila ndo hivyo ada za watoto, nikatoa elfu hamsini nikabaki na chenji ya daladala. Sasa hivi ina miezi nane na sijajuta.

Kwetu iko hivi, intaneti ya faiba ya Mbps 20 (megabiti kwa sekunde), bili tunachangia mimi, shemeji yangu na vijana wawili wa chuo waliopanga uani. Kompyuta tano hapo sijahesabu simu. Zamani nilikuwa narusha hotspoti ya simu, bando la wiki linakata siku ya pili kisa laptopu moja imeamua kujiapdeti yenyewe usiku.

Kilichonifurahisha kwanza ni yale matundu manne ya LAN nyuma, ya kuchomekea waya za kompyuta, mbali na lile la kuingizia intaneti. Watu wa Mwanza mnajua nyumba zetu za mlimani, kuna mahali jabali lenyewe ndo ukuta, na wifi haipenyi jiwe hata uipigie magoti. Uani walikuwa wanashika kwa kubahatisha mpaka watoke nje, nikawavutia waya mbili za mita 25 hivi juu ya dari (waya wa mtandao wa Cat5e unafika hadi mita 100 bila shida), na desktopu zangu mbili nazo nikazipa waya, anayebaki kwenye wifi ni shemeji tu. Matundu yenyewe mwisho Mbps 100, kwa laini yetu yanatosha na kubaki ila kama umelipia 200 usiichukue hii. Halafu wifi yake ni ya masafa ya 2.4GHz peke yake, hamna ya 5GHz, na huku tumebanana kila nyumba ina wifi yake, mimi nilihamia chaneli 11 ikapata nafuu. Jaribu 1, 6 au 11, hizo haziingiliani.

Ila utamu wenyewe uko kwenye ile sehemu ya kugawa spidi, Bandwidth Control. Kabla sijaiwasha ikifika saa mbili usiku uani wanashusha muvi, shemeji yuko kwenye kikao cha Zoom kaganda mdomo wazi, basi ni kelele mpaka mama mwenye nyumba anatoka. Nikaandika 192.168.0.1 kwenye brauza, ndo ukurasa wa mipangilio ya rauta, nikajaza jumla 20480 maana inahesabu kwa Kbps (20 mara 1024), kila mashine nikaifungia IP yake, yaani namba yake kwenye mtandao, isihamehame, nikaipangia kiwango cha chini na cha juu. Uani hawavuki Mbps 6 kila mmoja. Dogo mmoja akaja juu eti tunalipia 20 mbona muvi inashuka kwa KB 700 tu, nikamwambia gawa kwa nane mdogo wangu, biti nane ndo baiti moja, hata ungeachiwa laini yote peke yako usingezidi MB 2.5 kwa sekunde. Akaguna akaondoka.

Nawapa nyota nne, ya tano imekwenda na hiyo 5GHz. Jirani wa pale juu kwenye jabali ameshanifuata anataka kuchangia bili na yeye, nimemwambia matundu yote manne yamejaa, mpaka inunuliwe swichi ya kuongeza matundu, na hela ya swichi anatoa yeye.