shot-scraper: picha safi za machapisho ya mitandaoni kwa amri moja (uzoefu wangu)

Kupiga picha ya skrini ya chapisho la mtandaoni si kazi. Kazi ni kuisafisha. Unabonyeza kitufe, na picha inatoka na kila kisichohusika: vichupo ulivyofungua, saa, chaji ya betri, picha yako ya wasifu pembeni, tangazo la kukutaka ukubali vidakuzi (cookies), na majina ya akaunti unazoshauriwa kuzifuata. Unaanza kukata kwa mkono, na mwisho wa siku kila picha ina upana wake. Mimi huweka machapisho ndani ya ripoti na slaidi mara kwa mara, na hilo lilikuwa linanila muda mwingi.

Sasa natumia shot-scraper. Ni programu huria, ya bure, iliyoandikwa na Simon Willison, mmoja wa waasisi wa Django (zana ya kutengenezea tovuti), na ilitoka mwaka 2022. Haina dirisha wala vitufe; unaiandikia amri kwenye terminali, yaani dirisha la kompyuta la kuandikia amri. Ndani yake inategemea Playwright, ambayo huendesha kivinjari cha Chromium kimyakimya bila kukionyesha kwenye skrini.

Kuisakinisha ni amri mbili, ilimradi una Python (lugha ya programu) kwenye kompyuta yako: `pip install shot-scraper`, halafu `shot-scraper install`. Hiyo ya pili hupakua Chromium yake yenyewe, kwa hiyo uwe na bando la kutosha.

Kilichonifanya niipende ni kwamba haipigi skrini yako. Inafungua ukurasa upya kwenye kivinjari kisicho na chochote chako, kisha ukitaka inapiga kipengele kimoja tu cha ukurasa huo. Angalia amri hii:

`shot-scraper 'https://platform.twitter.com/embed/Tweet.html?id=20' -s article -w 550 --wait 3000 --retina -o chapisho.png`

Namba 20 ni chapisho la kwanza kabisa la Jack Dorsey, mmoja wa waasisi wa Twitter (sasa X), kwenye mtandao huo, la Machi 21, 2006. Anwani hiyo ni ya toleo linalotengenezwa ili kupachikwa kwenye tovuti nyingine, hivyo halina menyu wala safu za pembeni. `-s article` inasema: nipe kadi ya chapisho, mengine acha. `--wait 3000` inaipa milisekunde 3,000 ili picha ya wasifu na viambatisho viwahi kupakia. `--retina` inazidisha pikseli mara mbili kwa upana na kwa urefu, na hapo ndipo utaona tofauti ukiitupia picha kwenye ukuta kwa projekta: herufi zinabaki kali, hazina ukungu.

Mastodon, mtandao mwingine wa kijamii, ni rahisi zaidi. Chukua kiungo cha chapisho lililo wazi kwa umma, ongeza `/embed` mwishoni, na kadi safi iko tayari kupigwa.

Nikiwa na machapisho mengi, naandika faili moja ya YAML (maandishi ya kawaida yaliyopangwa kama orodha) yenye anwani, kichaguzi (jina la kipengele cha kupigwa, kama `article` hapo juu) na jina la picha kwa kila moja, kisha `shot-scraper multi picha.yml`. Picha zote zinatoka na upana uleule, ukingo uleule, mandhari ileile. Ukiongeza `--no-clobber` inaruka zile zilizokwisha kupigwa, hivyo unaweza kurefusha orodha yako leo na kesho bila kurudia kazi. Kwangu mimi hii pekee inatosha kuihalalisha programu nzima. Msomaji wa ripoti anaona machapisho kumi yaliyopangwa kwa adabu, macho yake yanakwenda kwenye maneno.

Pale ambapo kuna kitu cha kuondoa, kwa mfano upau ulioganda juu ya ukurasa, swichi ya `--javascript` hukuruhusu kukifuta kabla picha haijapigwa. Hapa lakini niseme wazi: swichi hiyohiyo inaweza kubadilisha maneno ya mtu ndani ya chapisho, na picha ikatoka bila alama yoyote ya kuguswa. Ndiyo maana siamini picha ya chapisho isiyo na kiungo, hata ikiwa safi namna gani. Mimi huandika anwani na tarehe chini ya kila picha, na kama jambo ni zito naihifadhi anwani hiyo pia kwenye Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya nakala za kurasa.

Kurasa zinazodai uingie kwanza zina njia yake. `shot-scraper auth` hufungua kivinjari cha kuonekana, unaingia kwenye akaunti yako, unarudi terminali na kubonyeza Enter, na vidakuzi vinahifadhiwa kwenye faili ya JSON utakayoitumia baadaye kwa `-a`. Ilinde faili hiyo kama nenosiri lenyewe. Atakayeipata anaweza kuingia kama wewe, kwa hiyo isikae kwenye folda unayoshiriki na wenzako, wala isipandishwe GitHub, tovuti ya kuwekea misimbo ya programu. Na chapisho ambalo mwenyewe alilifungia marafiki zake tu, liache huko liliko.

Ugumu upo. Lazima ujue kidogo muundo wa HTML, lugha inayojenga kurasa za tovuti, ili kupata kichaguzi, na mitandao mikubwa hubadilisha majina ya vipengele vyake bila kumwambia mtu. Amri iliyokuwa inafanya kazi inagoma ghafla. Ukiweka `--padding` kubwa, kipande cha kilicho jirani na kadi kinaingia kwenye picha. Kwenye seva ya Linux isiyo na fonti za emoji, vikaragosi vyote hutoka kama visanduku vitupu. Kwenye Debian au Ubuntu dawa yake ni kusakinisha `fonts-noto-color-emoji`. Video nayo inabaki picha mgando.

Anayefanya kazi zake zote kwenye simu haitamfaa, na anayehitaji picha moja kwa mwezi akate tu kwa mkono. Ila kwa mwandishi, mtafiti au mwalimu anayekusanya machapisho kila wiki, ningeanza na ile amri ya juu, nibadilishe namba ya `id`, nione inachotoa.