Kisanduku cha kioo cha mazoezi ya mkono: nimekitumia na mama miezi mitatu

Mama alipopata kiharusi, mkono wake wa kushoto ulipooza kabisa. Nilikesha nikisoma kazi ya Jocelyne Bloch, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kule Lausanne, Uswisi. Yeye na mwenzake Jean-François Brunet walichukua vipande vidogo vya gamba la ubongo wa tumbili, wakaotesha seli zake maabara, kisha wakazirudisha kwa tumbili wale wale walioumia. Wakapata tena wepesi wa vidole. Nilimuuliza daktari wa mama kama na sisi tunaweza kupata tiba hiyo. Akanieleza kwa upole kwamba bado ni utafiti, akatuelekeza kwenye kisanduku hiki.

Mkono uliopooza unaingizwa ndani, mzima unabaki mbele ya kioo, na mgonjwa anatazama kioo tu. Akikunjua ngumi ya kulia, macho yanauona mkono wa kushoto ukikunjuka.

Sasa kasoro, na si ndogo. Kioo chake ni cha plastiki na kimebonyea katikati, kwa hiyo vidole vilionekana vimevimba. Siku ya kwanza mama aligeuza uso: "Huu si mkono wangu." Asipoamini anachokiona, zoezi zima linapotea bure! Nilikibandua, nikaweka kioo cha kawaida cha kujitazamia, kingo nikazizungushia utepe. Kijitabu cha maelekezo nacho hakisemi lolote kuhusu pete. Mama huvaa yake kushoto, na kwenye kioo haikuwepo. Tulipoihamishia mkono wa kulia, ikaonekana pale pale alipoizoea, na hapo ndipo alipotulia akaanza kufanya mazoezi.

Tulikwenda nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, juu ya mazoezi ya fiziotherapia, ambayo hatukuyaacha. Uchambuzi wa 2018 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, uliojumuisha tafiti 62, unaonyesha tiba hii husaidia viungo kujongea. Kwa mama, kidole gumba kilitikisika wiki ya sita. Aliniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue. Leo mkono ule unashikilia chupa wakati wa kulia unafungua kifuniko.

Kinunueni, lakini kabla ya kulipa weka kiganja chako mbele ya kioo. Vidole vikionekana vimepinda, tafuta kingine.