Tulikwenda Dunga, kwa Mwinyi Mkuu

Binti yangu yuko kidato cha pili. Mwezi uliopita alirudi skuli na kazi ya historia: achague jengo moja lililokuwa makao ya utawala hapa Zanzibar, alitembelee, kisha alieleze. Wenzake karibu wote walichagua Beit al-Ajaib, na siwalaumu. Hakuna mtoto wa Unguja asiyejua lile jengo la Sultani Seyyid Barghash la mwaka 1883, lililokuwa na saa na roshani za kuzunguka pande zote. Mimi nimekula riziki yangu Mji Mkongwe kwa mwiko na chokaa miaka 22 sasa. Siku ile upande mmoja wa jengo hilo ulipoporomoka, Disemba 25, 2020, nilisimama Forodhani nikalia mbele za watu, maana wawili hawakurudi majumbani mwao.

Lakini nilimwambia, "Mwanangu, kabla ya serikali ya pwani palikuwa na serikali ya shamba. Jumamosi twende Dunga."

Akaniuliza, "Baba, Dunga kuna nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Mtoto amezaliwa Mwanakwerekwe, amepita njia ya Chwaka mara nyingi kwenda kwa shangazi yake, na hajui kuwa anapita mlangoni kwa mfalme: Dunga ndipo yalipo magofu ya kasri la Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa Unguja.

Kufika ni rahisi. Panda gari ya Chwaka, ile 206, mwambie utingo akushushe Dunga kwenye kasri. Utapita Amani, Mwera na Koani, na ukishaiacha Koani anza kukaa tayari, kwa sababu magofu yenyewe hayapigi kelele. Kwa mwenye gari yake ni safari fupi, kama nusu ya masafa ya kwenda Chwaka. Sisi tulitoka saa mbili asubuhi, na nakushauri na wewe utoke mapema. Jua likishapanda, hakuna paa la kukufunika pale.

Tulilipa kiingilio, tukapewa risiti, tukaingia. Beba pesa ndogo ndogo.

Niseme kidogo nani alikuwa mwenye nyumba, maana bila hilo utaona kuta tu. Mwinyi Mkuu ndicho cheo cha watawala wa wenyeji wa Unguja, Wahadimu, kabla ya masultani na hata katika siku zao. Aliyejenga Dunga ni Muhammad bin Ahmed, na kazi ilichukua miaka 10, kuanzia 1846 hadi 1856. Wakati huo Sultani Seyyid Said alikwisha kuhamia Unguja na mjini palikuwa pake, lakini shamba watu walimtazama Mwinyi Mkuu. Kodi ya wenyeji ilipita mikononi mwake kabla ya sehemu yake kufika kwa Sultani. Chini yake walikuwepo masheha, kila mmoja na eneo lake.

Hapo binti yangu alisimama. "Sheha? Huyu huyu tunayemwendea kwa barua?"

Huyu huyu. Tuna sheha mpaka leo, tuna shehia, na kila tukitaka kitambulisho twabisha hodi kwake. Wizara zimehama majengo, bendera zimebadilika, na neno lile limebaki midomoni mwetu. Nilifurahi sana kuona limemgusa peke yake, bila mimi kumsukuma.

Sasa kuta. Hapa naomba univumilie, ndiyo kazi yangu.

Ukiingia, usikimbilie kupiga picha matao ya madirisha, ingawa ni mazuri. Tazama kwanza juu, pale ghorofa ilipokuwa. Utaona matundu yamejipanga mstari mmoja ukutani, kila moja kama upana wa kiganja. Hayo ni makaazi ya boriti. Boriti zenyewe zilikwisha kuoza au kuondolewa, lakini tundu halidanganyi: linakwambia sakafu ilikaa wapi na dari ilikuwa juu kiasi gani. Nilimwambia binti yangu apime chumba kwa hatua, ukuta mpaka ukuta kwa upande mfupi. Akapata hatua nne za kwake. Nikamwambia aende chumba cha pili. Nne tena na kidogo.

"Kwa nini vyote vyembamba, baba, na huyu alikuwa mfalme?"

Kwa sababu mkoko haujui ufalme. Boriti ya mkoko inayoweza kubeba sakafu ya mawe na chokaa ina urefu wake, mita 3 au zaidi kidogo, na ukizidisha itapinda. Ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za zamani, Mji Mkongwe, Lamu, popote pwani hii, ni virefu na vyembamba. Tajiri alijenga vyumba vingi zaidi, akavirefusha, lakini upana ulipangwa na mti. Binti yangu aliandika hilo kwenye daftari kabla sijamaliza kusema.

Mawe ni ya matumbawe. Wengi wanadhani jiwe hili hutoka baharini tu, kumbe upande wote wa mashariki wa kisiwa umelala juu yake, ukichimba kidogo unalipata. Yanashikizwa kwa chokaa na udongo, na chokaa ni jiwe lile lile lililochomwa kwenye tanu, likarowekwa, likaachwa lipoe. Nyumba nzima ni kitu kimoja kilichopita motoni na kisichopita. Ndiyo maana ukuta wa namna hii hupumua. Maji yakiingia, hutoka. Nimewahi kuitwa kwenye jengo moja mjini ambalo lilipigwa lipu ya saruji juu ya kuta za chokaa ili lipendeze haraka. Baada ya masika chache chumvi ilikuwa imekula mawe kwa ndani na lipu ikibanduka kama ganda la muhogo. Dunga, kwa masikitiko yake yote, kuta nyingi zimebaki uchi, na mimi naona ni heri zibaki hivyo kuliko zivikwe nguo isiyo yake.

Adui wa Dunga ni maji ya juu. Ukuta wa chokaa hufa kuanzia kichwani: paa likiondoka, mvua inashuka katikati ya mawe, udongo unayeyuka, halafu ndege anaangusha mbegu na mzizi unamalizia. Kwa hiyo msipande juu ya kuta, wala msiwapandishe watoto ili wapate picha. Jiwe moja la juu likitoka, masika ijayo yanatoka matano.

Tulipokuwa ndani ilifika gari ya wageni. Kijana aliyewaongoza, wa kampuni ambayo siitaji, aliwasimamisha uwanjani, akawaambia kwamba chokaa ya kasri hili ilikorogwa kwa damu ya watumwa, kwamba kulipatikana mifupa kisimani, wakapiga picha, na dakika kumi hazijatimia wakaanza kurudi garini. Sikumkasirikia, naye ana ratiba yake. Lakini moyo uliniuma. Nikamwendea.

"Samahani kaka, mimi fundi wa chokaa. Waweza kunipa dakika tano niwaoneshe matundu ya boriti?"

Akatabasamu. "Karibu fundi, mimi mwenyewe sijayaona."

Nikawaonesha, yeye akatafsiri. Mama mmoja wa makamo katika wale wageni alipima chumba kwa hatua kama alivyofanya binti yangu. Wakakaa karibu nusu saa.

Habari ya damu ni ya zamani, nimeikuta tangu utotoni, na kila anayekwenda Dunga ataisikia. Nitasema ninavyoiona. Sikukwangua ukuta, hilo ni haramu kwa fundi, lakini chini palikuwa na vipande vilivyokwisha kuanguka, nikaokota kimoja nikakigeuza juani. Ndani kina wekundu. Ni wekundu wa kinongo, udongo huu huu wa mashamba ya hapa ambao mababu walichanganya na chokaa ili iende mbali. Hata mimi naujua mkononi. Inawezekana jicho la mtu liliona wekundu huo, na kilichokuwa moyoni mwake kikautafsiri.

Binti yangu akauliza, "Kwa hiyo ni uongo?"

Nilishindwa kumjibu kwa neno moja, na bado naona nilifanya sawa. Damu kwenye chokaa sikuiona. Lakini mawe haya hayakujibeba, na Unguja ya miaka ile ilikuwa Unguja ya watumwa. Mtu aliyebebeshwa mawe kwa miaka 10 bila ujira hahitaji kukamuliwa damu ndipo tuseme imo ukutani. Nilimwambia aandike yote mawili, nilichokiona na kinachosimuliwa, na asifute lolote.

Nikamwongezea mwaka mmoja akauzungushie duara: 1873. Muhammad alikufa 1865, akamrithi mwanawe Ahmed, na Ahmed naye akafariki mwaka huo wa 1873 bila kuacha mrithi wa kiume. Kiti cha Mwinyi Mkuu kikaishia hapo. Mwaka huo huo ndipo Seyyid Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa mjini. Nyumba hii ilizeeka bila mwenyewe.

Tulipokuwa tunapumzika chini ya mti alipita bibi mmoja na ukili wake kwapani. Tukamsalimia.

"Mumekuja kumtazama Mwinyi?" akatuuliza.

"Ndiyo bibi. Mtoto ana kazi ya skuli."

Akaketi. Hakuombwa. Akatusimulia kwamba hapo zamani Mwinyi Mkuu aligombana na Sultani, akafungwa, na mvua ikakataa kunyesha miaka mitatu mpaka alipofunguliwa. Akasema ngoma zake zilikuwa zikilia zenyewe usiku nchi ikiwa na hatari, hakuna mkono uliozigusa. Ngoma hizo na siwa, baragumu la utawala, zilichukuliwa kupelekwa mjini kuwekwa makumbusho, na bibi alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayezungumzia vitu vya jirani vilivyoazimwa vikachelewa kurudi. Binti yangu aliacha kuandika, akawa anasikiliza tu.

Haya, kwa anayetaka kwenda. Saa moja na nusu inatosha kwa aliye na haraka, mbili kwa mwenye maswali. Vaa viatu vilivyofunika vidole, ardhi ina mawe na majani. Chukua maji yako na chochote cha kutafuna. Sisi tulikuwa na mikate ya kumimina aliyotupa mama mtoto, na tulirudi na makaratasi yetu. Usitarajie vitanda vya nakshi wala viti vya kifalme, hivyo havimo. Mwenye kupenda vyombo na picha za masultani mambo yake yako mjini. Na usiende peke yako kama hujawahi kuambiwa habari za Mwinyi Mkuu: tafuta mtembezaji asiye na haraka, au mtu mzima wa Makunduchi, Kizimkazi au hapo hapo Dunga, umlipie nauli na chai. Kuta zitakuonesha ufundi, lakini ya kiti hicho yako kwa wazee.

Walimu wa skuli za mjini, nawaomba kwa heshima zote, leteni watoto huku. Basi moja la wanafunzi linatosha, asubuhi moja. Waje na futi ya kupimia na daftari. Tumewazoesha kusimama Forodhani kutazama nyumba ambazo sisi tulikuwa raia zake, na hiyo ni historia yetu pia, nami mkate wangu unatoka humo. Ila mtoto apimaye chumba cha Dunga kwa hatua zake anagundua kwamba shamba lilikuwa na mahakama yake, kodi yake na mipaka yake, na kwamba babu wa babu yake huenda aliingia mlango ule ule na shauri lake mkononi.

Gari ya kurudi tuliisimamisha barabarani hapo hapo, ilikuwa imejaa, tukasimama mpaka Mwera.

Jioni nilipita kwa mama yangu, mzaliwa wa Makunduchi, nikamweleza tulikotoka. Akanyamaza muda, kisha akaniuliza kama ngazi bado ipo. Nikamwambia aje aione mwenyewe. Miguu inamsumbua, kwa hiyo nitakodi gari ndogo, na tutasubiri siku kavu kwa kuwa pale pakiroa panateleza. Nikirudi nitaandika atakayoyasema, maana habari za zile ngoma nilizisikia kwanza kwake, kabla sijajua kusoma.