Ubobee opera mpya tupu au uchanganye na za zamani?

Waimbaji wa opera za kisasa naona wana njia mbili, na mfano rahisi ni Wakanada wawili, Barbara Hannigan na Gerald Finley. Hannigan kajikita kwenye kazi mpya, zaidi ya 80 yeye ndo wa kwanza kuziimba, na mtunzi kama George Benjamin alimwandikia uhusika kwenye opera yake Written on Skin (Aix-en-Provence, Ufaransa, 2012) akijua kabisa sauti yake inafika wapi. Hapo ndo utamu wenyewe, mtunzi yuko hai, noti ikikukaba koo unamwambia na anaweza kuibadilisha, kamwambie hivyo Mozart, mtunzi aliyekufa zamani. Ila kujifunza sasa! Unakaa miezi na noti ambazo hazina hata melodi ya kushika, rekodi ya kusikiliza hakuna, halafu shoo zinapigwa chache na opera nyingine hairudi tena jukwaani, jasho lote lile ndo basi.

Finley yeye anachanganya. Ndo wa kwanza kuimba uhusika wa Oppenheimer, yule mwanasayansi wa bomu la atomiki, kwenye opera mpya ya Doctor Atomic, San Francisco 2005, lakini watunzi wa zamani kama Mozart na Wagner hajawaacha, na uhusika wa zamani ukishaujua unazunguka nao majumba ya opera miaka na miaka. Kipesa hii ina usalama zaidi. Mi ningekuwa naanza leo ningeenda na ya Finley, maana ya Hannigan inataka sikio la kudaka noti ngumu hewani bila orkestra kukupa msaada wowote, na sikio hilo wengi hatuna.