Miwani ya maabara iliyozibwa pande zote: nimeitumia mihula miwili

Mwanafunzi wangu alikuwa akijaza soda kostiki kwenye bureti, mrija mrefu wa kupimia vimiminika, huku amesimama kwa ncha za vidole, mdomo wa bureti ukiwa juu ya macho yake. Nilikuwa njiani kwenda kumwambia aishushe kwanza. Sikuwahi. Faneli ilifurika, tone likadondokea kioo cha kulia cha miwani yake, likateleza polepole mpaka kwenye ukingo wa mpira, likaishia hapo. Ndani hapakuingia kitu. Nina miwani 30 ya aina hii, na kwa ukingo huo peke yake nisingerudi kwenye ile ya zamani.

Ile ya zamani ilikuwa kama ya fundi seremala, wazi juu ya nyusi na pembeni. Huzuia kipande cha chupa kilichoruka, lakini kimiminika hupita. Na soda si ya kuchezewa. Wanafunzi huogopa tindikali, soda huiona kama sabuni tu. Kwenye jicho, tindikali hugandisha protini, na huko kuganda mara nyingi huipunguzia kasi ya kupenya. Soda huyageuza mafuta ya seli kuwa sabuni na kuendelea kuzama ndani.

Ukinunua, geuza fremu utafute alama. Kwa kiwango cha Ulaya, EN 166, namba 3 kwenye fremu ni kinga dhidi ya matone ya kimiminika. Kwa kile cha Marekani, ANSI Z87.1, ni D3. Unene wa kioo usikudanganye. Tazama pia matundu ya hewa: haya yangu yana vifuniko, hewa hupinda kona ndipo iingie. Yenye matundu wazi siipokei maabara.

Sasa lawama. Muhula wa kwanza haikushika ukungu kabisa. Muhula wa pili, dakika chache tu karibu na bika (bilauri ya maabara) linalochemka, mtoto haoni anachopima, na akishindwa kuona anaipandisha kwenye paji la uso. Hapo ni sawa na kutovaa. Kilichoharibu ni kufutia pindo la shati, kwani utando wa kuzuia ukungu huchubuka. Siku hizi tunaiosha kwa sabuni laini na kuitundika ikauke yenyewe, na iliyobaki na utando wake imedumu. Moja ilifutwa jina la kalamu kwa asetoni, kimiminika cha kuyeyushia rangi, kioo kikawa cheupe kama maziwa na kupasuka nyufa ndogondogo. Polikaboneti, yaani plastiki ya kioo hicho, haipatani na asetoni, na karatasi iliyokuja na boksi haikusema neno juu ya hilo. Hilo limeniudhi sana, maana asetoni haikosi kwenye kabati la kemia.

Wenye miwani ya macho wanaivaa juu yake bila shida, isipokuwa fremu pana hubana kwenye panja. Vibano 4 vya mkanda vimekatika.

Siku ile ya tone, mwanafunzi alitaka kuivua papo hapo. Nilimshika mkono. Tulimwinamisha kwenye sinki, tukasuuza uso na miwani pamoja, ndipo nikalegeza mkanda kutoka kisogoni na kuitoa kwa mbele, ili kilichobaki ukingoni kisiburuzwe juu ya jicho. Bomba la kuoshea macho, ambalo tungelihitaji kwa dakika 15 nzima, halikuguswa.

Nimeagiza nyingine 10, na mikanda ya akiba.