Banzi la kifundo cha mkono: uzoefu wangu wa wiki sita

Mwanzoni niliulaumu mto. Saa nane za usiku naamka mkono wa kulia umekufa ganzi, vidole vinachoma kama vimeshika upupu. Naukung'uta weee mpaka utulie, nalala, baada ya saa moja tena. Mchana vikombe vikawa vinaniponyoka.

Kitu cha kwanza kununua kilikuwa ile bandeji ya mpira inayovaliwa kama soksi. Hela ya bure. Inabana na kutia joto, lakini mkono unakunjika kama kawaida.

Daktari aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: kidole cha mwisho nacho kinakufa ganzi? Nikafikiri, kumbe hapana. Ni gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa cha pete. Akaniambia nigusanishe migongo ya viganja, vidole vikitazama chini, nikae hivyo dakika moja. Haikuisha, ganzi ikaja. Akanieleza kuwa neva ya vidole hivyo hupita kwenye upenyo mwembamba wa kifundo pamoja na kano tisa. Ukilala umekunja mkono, humo ndani panasongamana. Dawa ya kuanzia: banzi, yaani kifaa cha kuuzuia mkono usikunjike, usiku tu, wiki sita.

Nililonunua ni la kitambaa, lina mikanda mitatu ya kunata na kibati cha alumini upande wa kiganja. Wiki nzima ya kwanza sikuona nafuu, nikawa nataka kulirudisha. Ndipo nikalitazama kwa ubavu: kibati kimepindwa, kinauinua mkono kwa nyuma, wakati daktari alisema unyooke. Nikakichomoa, nikakikandamiza kwenye ukingo wa meza mpaka kikanyooka, nikakirudisha. Usiku wa nne baada ya hapo nililala mpaka asubuhi. Karatasi ya maelekezo haikusema neno kuhusu hilo, na hapo ndipo ninapowanyima watengenezaji nyota.

Kasoro nyingine: linatoa jasho, mikanda inakwaruza shuka, na ukiikaza sana unarudi kwenye ganzi ileile. Acha kidole kimoja kiweze kupenya chini yake. Sasa wiki sita zimetimia. Ganzi huja nikishika simu muda mrefu tu.

Ila kama nyama ya chini ya gumba imeanza kunywea, au ganzi haiondoki hata mchana, usihangaike na mabanzi ya madukani, mwone daktari. Kuna sindano na kuna upasuaji. Na ukiwa umeanguka ukatua kwa kiganja, kwanza eksirei.

Dada yangu, mwenye mtoto mchanga, aliliazima. Yeye anaumwa upande wa gumba kila akimnyanyua mtoto. Hizo ni kano za gumba, zinataka banzi linaloshika na gumba lenyewe. Akanirudishia baada ya siku mbili, na mkanda mmoja umeshaacha kunata.